Kumuuguza mzee wa kiharusi nyumbani: mwongozo wa familia nzima

Mzee karuhusiwa. Gari limemfikisha nyumbani, upande mmoja hauamki, kauli nzito, na karatasi ya hospitali ina dawa nne na tarehe ya kliniki. Kuanzia hapo maswali ni yale yale kila nyumba: tumgeuze mara ngapi, ale nini, nani alale naye, pampasi zitatumalizia hela, na mbona kidonda kimetoka na tunamwogesha kila siku? Tumeandika kwa ajili ya mzee aliyepata kiharusi kwa sababu ndiyo hali inayozikuta familia nyingi ghafla, lakini sehemu kubwa ya haya inamfaa mzee yeyote asiyeweza kutoka kitandani mwenyewe.

Jambo moja lishike kabla ya mengine: kazi hii haibebwi na mtu mmoja. Nyumba nyingi humwachia binti ambaye hajaolewa, au mke wa mzee ambaye naye ana miaka yake na presha yake. Baada ya miezi miwili mgongo wa huyo mtu umekwisha, usingizi hana, zamu ya kugeuza ya saa 8 usiku inarukwa, na kidonda kinaanzia hapo. Kwa hiyo hatua ya kwanza hapa chini si kuogesha wala kulisha. Ni kikao.

Kabla hamjatoka wodini

Usikubali kuondoka na karatasi tu. Mwombe muuguzi akuone ukimgeuza na ukimlisha mzee kwa mikono yako mwenyewe, akurekebishe pale pale. Uliza kila dawa ni ya nini na inaliwa mpaka lini, presha yake inatakiwa iwe ngapi, na kama amepimwa uwezo wa kumeza. Uliza pia siku ya mazoezi ya viungo. Wengi wanafuata dawa na kuyasahau mazoezi, na miezi ya mwanzo ndiyo mkono na mguu vinarudi kwa wingi.

Vitu vya kuandaa

- Kitanda chembamba, futi 3 au 3 na nusu, kilichotengwa na ukuta ili mtu asimame pande zote mbili. Kwenye kitanda cha futi 6 utapanda juu kila unapomgeuza, na mgongo wako hautadumu.
- Godoro gumu la sponji, lisilobonyea mpaka chaga zikasikika.
- Mito 5. Hii si anasa, kila mmoja una kazi yake.
- Mpira wa kitandani (makintoshi) na mashuka yasiyopungua 6.
- Shuka moja nene la kugeuzia: likunjwe mara mbili, lilale kuanzia mabegani hadi mapajani.
- Mabeseni 2, dodoki laini au vitambaa, sabuni ya kipande, mafuta ya mgando.
- Chupa ya mkojo kwa mwanaume, bedipani, boksi la glovu, pampasi za watu wazima.
- Doti 2 za kanga kuukuu.
- Mashine ya presha ya kufunga mkononi juu ya kiwiko, si ile ya kifundo cha mkono.
- Daftari kubwa na kalamu iliyofungwa kwa uzi.

Godoro la hewa lenye pampu ni zuri mkiweza kulinunua au kuliazima, ila haliwaondolei kazi ya kumgeuza, na umeme ukikatika mengine hulala chapati.

Hatua kwa hatua

1. Fanyeni kikao ndani ya siku tatu za kwanza

Waiteni wote, walio mbali wawepo kwa simu. Mzee kama anaelewa, akae nanyi na aulizwe. Kupooza mdomo si kupooza akili, na wazee wengi huumia zaidi kwa kusemewa kuliko kwa ugonjwa wenyewe.

Kwanza, nani ana zamu gani. Mgawo unaofanya kazi ni wa zamu tatu: saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana, saa 8 mchana hadi saa 4 usiku, na saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi. Watu wakiwa wawili tu nyumbani, ya usiku wapokezane siku kwa siku. Kila anayeuguza apate siku moja kamili kwa wiki ya kutokanyaga chumbani. Iandikwe kwa jina na kwa siku. "Tutasaidiana" haijawahi kumgeuza mtu usiku wa manane.

Pili, hela. Andikeni makadirio ya mwezi: pampasi, dawa, nauli za kliniki, chakula, sabuni, na posho ya anayeuguza kama ameacha biashara au kibarua chake. Aliye mjini au ughaibuni asiyeweza kushika zamu, atume kiasi kilichotajwa kwa tarehe iliyotajwa, kwa mtu mmoja anayeandika matumizi. Msichanganye fuko hili na mambo ya shamba au nyumba ya mzee. Familia zinazoanza kuzungumza urithi kwenye kikao cha uuguzi hazimalizi kikao.

Tatu, haya. Nani anaweza kumwogesha baba? Nani mama? Kwa makabila mengi mkwe haoni utupu wa mkwewe, na kuna mabinti hawawezi kabisa kumwogesha baba yao. Lisemwe wazi hapo hapo. Mjukuu wa kiume, mdogo wake mzee, mtani, au kijana wa kulipwa anaweza kushika kazi hiyo ya nusu saa, wengine wakashika iliyobaki. Lisiposemwa, mzee ataogeshwa juu juu, na maeneo ya siri ndiyo yatakayooza.

Dada wa kazi ambaye tayari ana kazi za nyumba, watoto na mapishi asiongezewe mgonjwa kimya kimya. Akiongezewa, aongezewe na mshahara, na afundishwe kama mlivyofundishwa.

2. Fungueni daftari

Kila ukurasa siku moja. Saa, upande aliogeuziwa, alichokula, alichokunywa, mkojo, choo, dawa, presha, ngozi. Mtu wa zamu mpya husoma kabla ya kushika chochote. Bila daftari, mzee hupewa dawa ya presha mara mbili na watu wawili wenye nia njema. Kliniki nendeni nalo, daktari atafanya uamuzi kwa namba zilizoandikwa na si kwa "anaendelea vizuri".

3. Mgeuzeni kila baada ya saa 2

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, tusiende mbio.

Kidonda cha kulalia hakiletwi na uchafu. Kinaletwa na mfupa kugandamiza nyama kwenye godoro mpaka damu isipite. Ndiyo sababu mzee anayeogeshwa mara mbili kwa siku anaweza kutoboka. Maeneo yake yanajulikana: kifandugu, visigino, nyonga, vifundo vya miguu, viwiko, mabega, kisogo na masikio.

Ratiba iwe ukutani: saa 12 asubuhi kushoto, saa 2 akae apate chai, saa 4 kulia, saa 6 chali, saa 8 kushoto, na kuendelea hivyo. Usiku, kama ngozi ni safi na godoro ni zuri, mnaweza kumwacha kwa mkao mmoja muda usiozidi saa 3. Ngozi ikianza kubadilika, rudini kwenye kila baada ya saa 2.

Kumgeuza kwenyewe:

a) Mwambie. "Mzee, nakugeuza sasa." Asishtukizwe.
b) Akiwa chali, mvushie mkono wa upande wa mbali kifuani. Goti la mbali likunje.
c) Simama upande anaogeukia. Mkono wako mmoja nyuma ya bega la mbali, mwingine nyuma ya nyonga. Kunja magoti yako, mvute kwa uzito wa mwili, si kwa mgongo.
d) Mto wa kwanza weka nyuma ya mgongo, aegemee nusu ubavu. Akilala ubavu kamili, uzito wote huangukia mfupa wa nyonga.
e) Mto wa pili kati ya magoti hadi vifundo, wa tatu ubebe mkono uliopooza, wa nne kichwani.
f) Akirudi chali, mto wa tano hukaa chini ya misuli ya nyuma ya mguu, kisigino kining'inie hewani. Pitisha kiganja chini ya kisigino: kikipita bila kugusa shuka, umefanya vizuri.
g) Nyoosha mikunjo ya shuka, ondoa makombo, kagua ngozi, andika.

Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu upesi. Tafuta sehemu iliyokoza rangi kuliko jirani yake, yenye joto au ugumu ukiigusa kwa mgongo wa kidole, au inayomuuma. Ukiona hivyo asilalie hapo tena mpaka ipoe.

Makosa yanayorudiwa:

Kumburuta. Akiteleza kuelekea miguuni, watu humshika kwapani na kumvuta. Ngozi ya kifandugu hubaki nyuma, mfupa ukaenda mbele, na tayari mmechubua. Tena bega la upande uliopooza huchomoka kirahisi mno. Tumieni shuka la kugeuzia, watu wawili, kila mmoja upande wake, moja, mbili, tatu, mnainua ndipo mnasogeza.

Kujaza maji kwenye glovu na kuiweka chini ya kisigino. Ni kawaida iliyoenea, lakini kisigino bado kinakaa juu ya kitu na kugandamizwa. Mto chini ya misuli unatosha. Vivyo hivyo pete ya mpira ya kukalia: inabana damu pembeni ya pale ulipotaka kupaokoa.

Kuchua kwa nguvu palipobadilika rangi, au kupaka spiriti. La kwanza huvuruga nyama iliyokwisha kuumia, la pili huikausha ngozi.

4. Mwogesheni chini ya kanga

Funika mwili mzima kwa kanga moja, ya pili iwe ya kukaushia. Unafunua kiungo kimoja tu: unaosha, unasuuza, unakausha, unafunika, unahamia kingine. Anza usoni, mikono, kifua, miguu, kisha mgongo, mwisho sehemu za siri kwa maji mapya na beseni la pili. Kwa mama, pangusa kutoka mbele kwenda nyuma, kamwe usirudishe. Chini ya matiti, kwapani, kinenani na katikati ya vidole vya miguu pakaushwe kwa kugandamiza, si kusugua.

Maji yapime kwa kiwiko chako. Upande uliopooza mara nyingi hausikii moto, na kumkanda mzee kwa maji ya moto ili "damu itembee" kumewaachia wengi malengelenge ambayo hawakuyalalamikia kwa sababu hawakuyahisi. Kumpaka mafuta na kumchua taratibu hakuna neno.

Nguo: anza kuvika mkono mgonjwa, anza kuvua mkono mzima. Mashati ya vifungo mbele yanarahisisha.

Kinywa kisafishwe kwa mswaki laini mara 2 kwa siku hata kama halishwi kwa mdomo. Meno ya bandia hulala kwenye kikombe cha maji, si mdomoni.

5. Mlisheni akiwa ameketi

Baada ya kiharusi koo nalo huweza kuwa limedhoofika. Chakula au mate yakiteremkia njia ya hewa, huleta nimonia, na nimonia huwaua wazee wengi waliookoka kiharusi chenyewe.

Mketishe wima kadiri inavyowezekana, mito mgongoni, kidevu kiinamie kifuani kidogo. Wewe keti, ukisimama juu yake ataangalia juu akameza vibaya. Tumia kijiko cha chai, nusu yake, upande wa mdomo ulio mzima. Subiri uone koo likipanda na kushuka kabla ya kijiko kingine. Ukimaliza, chungulia shavu la upande mgonjwa, chakula hujificha pale. Abaki ameketi dakika 30.

Chai na maji mepesi ndiyo humpalia zaidi, si ugali. Akipaliwa na maji, mjaribu kwa uji mzito, mtindi, ndizi au viazi vitamu vilivyopondwa, ugali laini uliolowekwa mchuzi, parachichi. Kukohoa kila akinywa, sauti kuwa kama ina maji kooni, au homa isiyoeleweka: acheni kumlisha, mrudisheni hospitali apimwe kumeza. Huenda akawekewa mpira wa puani kwa muda.

Vimiminika vyote kwa siku vilenge kama lita 1 na nusu, isipokuwa daktari amezuia kwa sababu ya moyo au figo. Wapo wanaomnyima mzee maji ili asikojoe sana. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, ujue mmemkausha.

6. Dawa

Mtu mmoja kila zamu ndiye hutoa, na huandika papo hapo. Dawa ya presha haikatishwi kwa sababu presha "imeshashuka", imeshuka kwa sababu anaimeza. Msisage kidonge kabla ya kumuuliza mfamasia, vipo vilivyotengenezwa kutoa dawa polepole, na ukivisaga dozi ya siku nzima huingia kwa mkupuo. Mkimpa dawa za miti shamba, daktari aambiwe, hata kama mnaona aibu.

Presha pima akiwa ametulia dakika 5, kwa mkono mzima, mkono ukiwa usawa wa moyo.

7. Choo na mkojo

Pampasi hula hela kwa sababu huvalishwa saa 24. Mchana, kwa mzee anayeelewa, peleka chupa au bedipani kila baada ya saa 2 au 3, na daima baada ya kula. Pampasi ibaki ya usiku na ya safari. Ikilowa ibadilishwe, ikipata choo ibadilishwe dakika ile ile, kisha osha, kausha, paka mafuta ya mgando kidogo.

Siku 3 bila choo ni tatizo: ongeza maji, papai, mboga za majani, na mwambie daktari kabla ya kununua dawa ya kuharisha.

Mwenye mpira wa mkojo: mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu lakini usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa, na mpira usivutwe wakati wa kugeuza. Mkojo ukisimama na tumbo la chini likavimba, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Mashuka yenye choo: ondoa uchafu kwanza, kisha loweka kwenye dawa ya klorini ya nyumbani ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa vipimo 6 vya maji, dakika 10, ndipo ufue.

8. Viungo na kumtoa kitandani

Kila kiungo cha upande mgonjwa kikunjwe na kukunjuliwa taratibu mara 10, asubuhi na jioni: vidole, kifundo, kiwiko, bega, nyonga, goti. Ukikuta maumivu, simama hapo, usilazimishe. Mkono usiachwe ukining'inia, utavimba.

Kumhamishia kitini: kiti upande wake mzima, miguu yake ikanyage chini, wewe mbele yake, mshike kiunoni kwa mkanda au kanga iliyofungwa imara, asikushike shingoni. Mnainuka pamoja, anazunguka kwa mguu mzima, anakaa.

9. Fuatilieni haki zake

Tanzania humtambua mzee kuanzia miaka 60, na sera ya wazee ya mwaka 2003 inataka wasio na uwezo watibiwe bure. Anzeni na barua ya serikali ya mtaa au kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii. Mwenye pensheni asisahaulike wakati wa uhakiki: toeni taarifa mapema kwenye mfuko wake kuwa hawezi kutembea. Zanzibar ina pensheni jamii kwa waliofika miaka 70 tangu 2016. Kenya ina Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee, kwa umri huo huo.

Mambo yakienda kombo

Kidonda kimetoka. Asikilalie hata dakika moja. Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa shashi safi, nenda kituo cha afya. Msiweke majivu, dawa ya meno wala unga wa kapsuli. Ongezeni mayai, maharage, samaki: nyama haijengeki bila protini. Kikitoa harufu au usaha, au kikiwa cheusi, msisubiri kliniki.

Ghafla anaweweseka, haitambui nyumba, anaona watu. Kabla hamjasema ni uzee au karogwa, mpimeni: UTI, malaria, nimonia, upungufu wa maji, sukari. Kuchanganyikiwa kulikoanza jana au juzi mara nyingi kuna ugonjwa unaotibika nyuma yake.

Ana kisukari, anatoka jasho, anatetemeka. Kama yuko macho na anameza, vijiko 3 hadi 4 vya chai vya sukari kwenye maji nusu glasi. Asiyejitambua asiwekewe kitu mdomoni, akimbizwe.

Presha inasoma 180/120 au zaidi. Rudia baada ya dakika 5. Bado iko juu, wasiliana na kituo siku hiyo. Ikiandamana na kichwa kuuma vikali, kifua kuuma, pumzi kubana au kuchanganyikiwa, ondokeni sasa hivi.

Analia, hataki kula, hataki kugeuzwa. Sonona (huzuni nzito isiyoisha) baada ya kiharusi ni ya kawaida na ina tiba. Mwambieni daktari. Wakati huo mtoeni barazani jioni, redio yake iwashwe, wajukuu wamsalimie.

Ndugu wa mbali hatumi hela. Mpigie picha kurasa za daftari na risiti za wiki, mtumie bila maneno ya lawama. Asipobadilika mwezi wa pili, mjomba au shangazi anayeheshimika azungumze naye, si wewe.

Umemfokea, au umenyanyua mkono. Toka chumbani, mwite mwingine ashike zamu hata kama si yake. Kisha kikao kiitwe wiki hiyo hiyo na zamu zigawanywe upya, kwa sababu umefanyishwa kazi kupita uwezo wa mwili. Kama huna ndugu wa karibu, ongea na mhudumu wa afya ngazi ya jamii au viongozi wa msikiti au kanisa wa mtaani kwako. Omba kitu mahususi: "Nahitaji mtu Jumamosi saa 2 hadi saa 8."

Mdomo umepinda upya, mkono mwingine umelegea, kauli imepotea. Ni kiharusi cha pili. Angalia saa, iandike, usimpe maji wala dawa, mlaze ubavu, mpeleke hospitali. Daktari atauliza saa ilipoanza kabla ya kuuliza kitu kingine. Namba za madereva wawili wa karibu wenye magari ziandikwe kwa kalamu nene ukutani, juu ya kitanda, leo.